Kifungo cha Nje si Msamaha

Lugha yetu ina maneno ambayo tumeyazoea kiasi kwamba tumeacha kuyasikiliza. Mojawapo ni "kifungo cha nje". Magazeti huliandika mara kwa mara: fulani ametiwa hatiani, fulani amepewa kifungo cha nje cha miezi sita au cha mwaka mmoja. Msomaji hukunja gazeti lake na kusema, "Ameachiwa." Lakini neno lenyewe halisemi hivyo. Linasema amefungwa, ila anatumikia kifungo hicho akiwa nyumbani kwake, akibanwa na ahadi aliyoitoa mbele ya hakimu.

Nimelitafakari neno hili kwa zaidi ya mwaka mmoja, na sababu yake ni ya kifamilia. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ni dereva wa lori na makazi yake ni Mikumi. Katika kipindi cha miaka mitatu alipatikana na hatia mara mbili ya kuendesha gari akiwa amelewa. Mara ya pili mahakama ilimweka chini ya uangalizi badala ya kumpeleka gerezani. Alivunja masharti ya uangalizi huo, akarudishwa mbele ya hakimu, na safari hii hakurudi nyumbani. Nimemwomba ruhusa ya kuandika habari hii, naye amekubali kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Sitalitaja, wala sitaitaja mahakama iliyomhukumu wala tajiri aliyemwajiri. Jambo ninalotaka kulijadili ni kubwa kuliko wao wote: ahadi ya mtu mbele ya sheria ina thamani gani katika nchi yetu, na inapovunjwa, nani anapaswa kulipa, na alipe lini?

Kwa msomaji asiyeijua nchi ya kwetu, nieleze kidogo. Wilaya ya Kilosa ina milango miwili. Mlango mmoja ni mji wa Kilosa wenyewe, mji wa reli na mkonge, ulio nyuma ya milima na ambao siku hizi una pia stesheni ya treni ya mwendokasi. Mlango wa pili ni Mikumi, mji uliozaliwa na barabara. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya, na hatimaye Zambia, hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takribani kilomita 50. Malori yanayobeba shaba kutoka Kongo na yale yanayopeleka mafuta na ngano huko bara hupumzika Mikumi. Penye lori lililopumzika pana nyama choma, pana chumba cha kulala, na pana pombe. Bia za kiwandani zipo, ulanzi huteremka kutoka Iringa msimu wake ukifika, na gongo halikosekani licha ya marufuku. Viroba vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, wengi tulidhani tatizo limepungua. Lilibadili chupa tu.

Madhara yake tunayafahamu. Mkoa wa Morogoro umewazika watu wengi mno kwa sababu ya barabara. Tarehe 12 Aprili 1984 taifa zima lilimpoteza Waziri Mkuu Edward Sokoine pale Dakawa, katika ajali ya gari. Machi 2022 basi na lori viligongana Melela Kibaoni, wakafa zaidi ya watu 20 kwa siku moja. Sisemi kwamba ajali hizo zilisababishwa na ulevi. Ninasema kwamba sisi watu wa mkoa huu hatuna udhuru wa kuuchukulia usukani kama mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29. Hata hivyo bado tunajifariji kwa methali ya "ajali haina kinga". Ajali inayotokana na kilevi kinga yake inajulikana, na haihitaji hata shilingi moja.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Ndicho kiwango ambacho Uingereza ilikuwa imekianzisha mwaka 1967. Madereva wengi hudhani ukomo huo unahusu tu yule anayepepesuka akitoka baa. Tufanye hesabu ndogo. Ini la binadamu hupunguza kilevi kwa wastani wa miligramu 15 kwa saa, na wala kahawa, supu ya kongoro au maji ya baridi hayaongezi kasi hiyo. Dereva aliyefikisha miligramu 160 saa sita usiku atakuwa bado na miligramu 85 saa kumi na moja alfajiri. Amelala, ameoga, amepiga mswaki, anajiona mzima kabisa. Naye anaingia hifadhini na tani 30 nyuma yake akiwa amevuka ukomo wa sheria. Hiyo ndiyo hali aliyokutwa nayo mpwa wangu mara ya kwanza. Alipigwa faini, tajiri akamlipia, fedha ikakatwa kidogo kidogo katika mshahara, na maisha yakaendelea.

Mara ya pili lori lilitoka barabarani karibu na Kidodi, likaingia katika shamba la mahindi. Utingo wake alivunjika mkono. Mpwa wangu alikiri kosa, na hakimu alizingatia kukiri kwake, watoto wake watatu wadogo, na ripoti ya afisa uangalizi aliyemhoji. Akaamua kutomfunga. Alimweka chini ya uangalizi kwa miezi kumi na minane, kwa masharti manne: aripoti kwa afisa kila mwezi, asinywe pombe, asihame makazi bila ruhusa, na asiendeshe chombo chochote cha moto mpaka muda wa kuzuiwa leseni utakapokwisha.

Hapa inafaa tutenganishe mambo ambayo mitaani tunayaita yote "kifungo cha nje". La kwanza ni kuachiliwa kwa masharti, chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu: mahakama humwachilia mkosaji kwa sharti kwamba asitende kosa jingine kwa muda usiozidi miezi kumi na miwili. La pili ni amri ya uangalizi, iliyo katika Sura ya 247 ya sheria zetu, ambapo mkosaji hukabidhiwa kwa afisa maalumu amsimamie, amshauri na kumsaidia. La tatu ni huduma kwa jamii, chini ya sheria ya mwaka 2002, ambapo mtu hufanya kazi ya umma bila malipo, kama kufagia hospitali au kulima bustani ya shule. Mwanasheria makini ataniambia kwamba amri ya uangalizi kwa hakika si kifungo, kwa kuwa mahakama huwa imeahirisha kutoa adhabu. Ni kweli, na hapo ndipo penye jambo wengi wasilolitambua. Adhabu iliyoahirishwa haijafutwa. Inamngoja mkosaji. Akivunja sharti, mahakama inaweza kumtoza faini na kuacha uangalizi uendelee. Au inaweza kumwadhibu kwa kosa lile la mwanzo, kana kwamba ndiyo kwanza ametiwa hatiani.

Sheria za namna hii, ambazo tulizirithi kwa Waingereza, zina kipengele kimoja ninachokipenda sana. Kinaitaka mahakama imweleze mkosaji maana ya amri hiyo kwa lugha ya kawaida, pamoja na yatakayompata akiivunja, na kuhakikisha kwamba yuko tayari kuyafuata masharti. Kwa maneno mengine, uangalizi ni makubaliano. Mtu huulizwa, naye hujibu. Sisi watu wa Kilosa tunapaswa kuwa wa kwanza kuuelewa uzito wa kuulizwa na kujibu. Kila mtoto aliyesoma historia katika nchi hii anamjua Mangungo wa Msovero, ambaye mwaka 1884 alitia alama yake katika karatasi ya Carl Peters pasipo kujua alichokuwa akikitoa. Msowero ni yetu. Iko humu humu wilayani. Tangu mwaka 2021 sheria imetamka kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na huo ni ushindi ambao wanaharakati wa haki hawajausherehekea vya kutosha. Lakini Kiswahili chenyewe nacho kinaweza kuwa kigumu kama Kijerumani cha Peters, kikisomwa haraka na karani aliyechoka.

Nilimtembelea mpwa wangu wiki mbili baada ya amri ile. Nilimuuliza alichoambiwa na hakimu. Akacheka, akasema, "Mjomba, wameniachia." Nikamwomba karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya pochi yake, haijafunguliwa. Tukaifungua pale barazani na kuisoma mstari kwa mstari, dada yangu akiwa amekaa kando akichambua mchele. Tulipofika mahali paliposema kwamba akivunja masharti anaweza kuadhibiwa kwa kosa la awali, dada yangu aliacha kuchambua. Mpwa wangu akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe bado wananidai." Hakuna tafsiri ya amri ya uangalizi niliyowahi kuisikia iliyo bora kuliko hiyo.

Kwa miezi minne aliripoti kila mwezi. Alipanda basi na wakati mwingine lori la mkaa, akipita Zombo na Ulaya, kata yetu ambayo jina lake huwafanya wageni wadhani tunawatania, hadi Kilosa mjini. Mwezi wa tano hakwenda. Nauli ilikuwa imepungua, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Afisa alimpigia simu, naye akajibu kuwa yuko shambani. Mwezi wa sita vivyo hivyo. Afisa yule ninampa heshima zote, maana alikuwa na watu wengi wa kuwasimamia katika eneo kubwa, na chombo cha usafiri hakuwa nacho. Hakuna kilichotokea. Mwezi wa saba mpwa wangu alikunywa bia mbili katika msiba wa jirani. Hakuna kilichotokea. Mwezi wa nane alianza kuazima bodaboda ya rafiki yake nyakati za jioni apate hela ya mboga. Hakuna kilichotokea. Mwezi wa tisa, usiku wa Jumamosi, askari wa usalama barabarani walimsimamisha akiwa na abiria mgongoni, wakamwekea kipima ulevi mdomoni. Ndipo yote yakatokea kwa mpigo.

Watu wengi wanaposikia kisa hiki humlaumu kijana, nao wana haki. Alikuwa mtu mzima, karatasi aliisoma, onyo alilielewa. Lakini mimi kama mwalimu hujiuliza pia mtu amefundishwa nini na yale yaliyompata. Kwa miezi mitano mfululizo maisha yalimfundisha kwamba sharti la mahakama ni maneno matupu. Somo hilo lilirudiwa kila mwezi, naye akalihitimu. Siku ambayo dola ilikumbuka kuwa na meno, ilimuuma kwa ajili ya miezi yote mitano.

Usiku ule ule dada yangu alinipigia simu. "Kaka," aliniambia, "wewe ni daktari. Wanafunzi wako wamejaa serikalini. Huwezi kukosa mtu wa kuzungumza naye." Aliongeza, na hili ndilo lililonikosesha usingizi: "Hajagonga mtu, kaka. Ni pikipiki tu."

Kwa asiyefahamu mila za kwetu, ombi hilo linaweza kuonekana kama la kawaida katika nchi yenye kujuana. Lilikuwa na uzito zaidi. Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyeishi miongoni mwa Wakaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu juu ya jambo hili. Lakini bibi yangu alilieleza kwa ufupi zaidi aliposema kwamba mtoto ana baba mmoja nyumbani na mjomba mmoja mahakamani. Mpwa akidaiwa, mjomba hulipa. Mpwa akitukana, mjomba huomba radhi. Dada yangu hakuwa akiomba upendeleo. Alikuwa akinikumbusha wajibu.

Nilimjibu asubuhi yake, ana kwa ana, kwa kuwa jambo kama lile halijibiwi kwa simu. Nilimwambia kwamba nitalipa wakili, nitakuwapo mahakamani, nitawatunza watoto kwa ada na chakula ikiwa baba yao atafungwa. Lakini simu kwa mtu yeyote sitapiga. Nilimweleza kwamba katika mila yetu mjomba hakuwa akienda barazani kumficha mpwa. Alikuwa akienda kusimama kando yake wakati kosa linatajwa hadharani, kisha akilipa fidia mbele ya watu wote. Kulipa kwa uwazi na kuzima kesi kwa siri ni mambo mawili yaliyo mbali kama Kilosa na Kigoma. Nilimwambia pia kwamba abiria aliyekuwa mgongoni mwa ile bodaboda ana mama, na mama yule hana kaka wa kumpigia simu.

Dada yangu hakusema nami kwa majuma matatu. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini hawakusema kwamba asiyemchelea mwana hatalia. Tulilia wote.

Shauri lenyewe halikuchukua hata saa moja. Wakili alieleza shida za nauli, barabara mbovu na watoto watatu. Hakimu alisikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza mpwa wangu swali moja: je, alipoona hawezi kufika kuripoti, alimwambia afisa ukweli? Alijibu kwamba alidanganya yuko shambani. Hakimu akasema kwamba umaskini wa nauli angeweza kuusamehe, lakini mahakama haiwezi kumsimamia mtu anayeificha. Miezi minne gerezani. Alipokuwa akipelekwa, mpwa wangu alinipa funguo za nyumba na pochi yake. Karatasi ile ya uangalizi ilikuwa bado imo, imekunjwa mara nne.

Kuna kejeli ya kihistoria katika haya yote. Utaratibu wa uangalizi ulianzia kwa mlevi. Agosti 1841, katika mji wa Boston, fundi viatu aliyeitwa John Augustus alikuwa ameketi mahakamani alipoletwa mtu aliyeshitakiwa kwa ulevi wa kupindukia. Augustus alizungumza naye, akaamini kwamba bado anaweza kuokolewa, akaiomba mahakama imkabidhi mtu yule kwa dhamana yake. Baada ya wiki tatu walirudi pamoja. Mlevi yule alikuwa amebadilika kiasi kwamba hakimu alimtoza faini ya senti moja tu, pamoja na gharama za kesi. Augustus aliendelea na kazi hiyo bila mshahara hadi alipofariki mwaka 1859, akiwa amewadhamini karibu watu 2,000. Jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya uangalizi mwaka 1878, Uingereza ikafuata mwaka 1907, na kupitia Uingereza tukaipata sisi. Msomaji atazame kilichofanya kazi mwaka ule wa 1841: mtu mmoja aliyemjua mlevi kwa jina, na muda mfupi wenye tarehe ya kurudi.

Tukiupoteza ukaribu huo, hata mataifa tajiri hushindwa. Mwigizaji wa filamu wa Marekani, Lindsay Lohan, alitiwa hatiani mwaka 2007 kwa makosa ya kuendesha gari akiwa amelewa, akawekwa chini ya uangalizi kwa sharti la kuhudhuria madarasa kuhusu madhara ya kilevi. Ilichukua hadi Julai 2010 jaji kumhukumu siku 90 jela kwa kuyakosa madarasa hayo, na kwa sababu ya msongamano wa magereza akatoka baada ya wiki mbili hivi. Ulimwengu mzima uliyaona machozi yake kwenye runinga, na sidhani kama kuna mlevi mmoja aliyeacha kuendesha gari kwa kuyaona. Adhabu ilichelewa miaka mitatu, ikatangazwa kuwa kubwa, ikatekelezwa ikiwa ndogo. Huo ni ufundishaji mbaya kwa kila kipimo.

Jimbo jingine la nchi hiyo hiyo, South Dakota, lilijaribu njia nyingine kuanzia mwaka 2005. Waliorudia kosa la kuendesha wakiwa wamelewa walitakiwa kupima pumzi mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Anayekutwa na kilevi halali nyumbani usiku huo; hupelekwa mahabusu papo hapo kwa siku moja au mbili, kisha hurudi kazini. Vipimo zaidi ya 99 kati ya kila 100 vilikuwa safi. Watafiti wa taasisi ya RAND waliripoti mwaka 2013 kwamba kukamatwa kwa wanaorudia kosa hilo kulipungua kwa asilimia 12 katika wilaya zilizotumia mpango huo, na kukamatwa kwa ukatili wa majumbani kwa asilimia 9. Cesare Beccaria aliandika tangu mwaka 1764 kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake. Imechukua zaidi ya miaka 240 kumsikia.

Hata sisi, bila kumsoma Beccaria, tunayo mfano nyumbani. Ukiingia Hifadhi ya Mikumi utakuta mabango makubwa yanayotaja faini ya kumgonga kila mnyama, aina kwa aina. Madereva wa malori wanaijua bei ya twiga kwa moyo. Wengi wao hupunguza mwendo hifadhini, si kwa kumpenda twiga, bali kwa kuwa bei imeandikwa na wanajua italipwa. Je, kuna bango gani linalomwambia mtu aliye chini ya uangalizi bei ya kukosa kuripoti mwezi mmoja? Tumefanya kazi nzuri ya kuuweka wazi uhai wa twiga. Ahadi ya mtu mbele ya hakimu bado haina bei inayojulikana.

Najua swali litakaloulizwa na wanafunzi wangu, na ni swali la haki: mbona sheria inamuuma dereva wa lori na kumpita mkubwa mwenye gari lenye vioo vya giza? Tunasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sote tumewahi kuliona gari la kifahari likitoka baa saa nane za usiku, na askari akilipigia saluti. Sitabishana na hilo. Lakini dawa ya msumeno unaokata upande mmoja ni kuunoa upande wa pili, si kuuvunja. Kama ningeipiga simu ile aliyoitaka dada yangu, ningekuwa nimemwongeza mpwa wangu katika orodha ya wanaopitwa na sheria, na kuwaacha nje ya orodha hiyo watoto wa maskini wote ambao wajomba zao hawana shahada. Mtu hawezi kuandika makala dhidi ya kujuana mchana, kisha akakutumia usiku.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, nina mambo matatu ya kuomba, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka nje. Kwanza, amri ya uangalizi isomwe taratibu, kwa Kiswahili cha sebuleni, kisha mkosaji aambiwe aieleze kwa maneno yake mwenyewe kabla hajatia sahihi. Akisema "nimeachiwa", isomwe upya. Pili, kuripoti kusogezwe karibu. Mtu wa Mikumi anaweza kuripoti kwa mtendaji wa kata kila wiki, na taarifa ikamfikia afisa kwa simu. Nauli ya kwenda Kilosa isiwe ndiyo inayomtenganisha mtu na uhuru wake. Tatu, ukiukaji wa kwanza ujibiwe katika juma lile lile, kwa jambo dogo lakini la hakika: kuitwa, kuonywa mbele ya hakimu, kufagia zahanati kwa siku kadhaa. Tukisubiri mpaka makosa yawe matano ndipo tuyajibu kwa gereza, tutakuwa tumeyavuna tuliyoyaacha yaote.

Mpwa wangu ametoka. Leseni yake bado imezuiwa, kwa hiyo haendeshi. Mwenye malori mmoja wa hapo Mikumi amempokea kama utingo na kumuahidi usukani muda wa sheria utakapokwisha, kwa sharti moja. Amenunua kipima ulevi kidogo, na kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla lori halijawashwa, dereva na utingo wote wawili wanapuliza, na matokeo yanaandikwa katika daftari lililoning'inizwa mlangoni mwa ofisi ambapo kila mtu anaweza kulisoma. Tajiri mwenyewe akiwa safarini naye hupuliza. Dada yangu, ambaye sasa tunazungumza, hupita pale akienda sokoni na kulitazama daftari hilo. Juzi aliniambia kwamba jina la mwanawe limeandikwa mara sabini na saba, na mbele ya kila moja pana sifuri.